Papa Yuleyule, Pwani Mbili

Bjarnarhöfn ni shamba lililo kando ya bahari katika rasi ya Snæfellsnes, magharibi mwa Iceland. Nyuma ya nyumba lipo banda la mbao lenye kuta za mianya, upepo unapita utakavyo, na ndani yananing'inia mapande ya nyama ya papa yaliyofanya gome la kahawia. Watalii wenzangu waliziba pua tangu tuliposhuka garini. Mimi nilivuta pumzi nikajiona niko marikiti ya Darajani, Unguja, upande wa wauza ng'onda, jua la saa saba likiwaka.

Kuanzia hapo daftari langu la safari likagawika safu mbili: huku wanakula nini, na kwetu tunakula nini.

Papa, awe wa Unguja au wa bahari ya barafu, huweka urea nyingi mwilini ili maji ya chumvi yasimnyonye. Akifa, bakteria huigeuza urea hiyo kuwa amonia, ndiyo ile harufu inayopanda puani mpaka machozi yakatoka. Papa wa Greenland ana la ziada: nyama yake mbichi ina sumu, na mbwa wakiila hupepesuka kama walevi. Mnyama mwenyewe ni wa ajabu. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulikadiria kwamba mkubwa kuliko wote waliopimwa alikuwa na umri wa miaka isiyopungua 272, yaani alikuwa akiogelea kabla Seyyid Said hajazaliwa.

Mtu angetarajia watu wamwache mnyama kama huyo aende zake. Watu wa Iceland walimkata mapande, wakamfukia kwenye changarawe ya ufukweni na kumlundikia mawe juu ili maji yenye sumu yakamuke. Hukaa humo wiki sita hadi kumi na mbili, kisha hufukuliwa na kutundikwa bandani miezi minne au mitano. Siku hizi wengi hutumia makasha badala ya shimo, lakini kazi ni ileile.

Kwa nini wasimtie chumvi wakamwanika, kama sisi? Kwa sababu chumvi hawakuwa nayo. Kuipata kulitaka kuchemsha maji ya bahari, kuchemsha kunataka kuni, na misitu yao ilikuwa imekwisha karne chache baada ya walowezi wa kwanza kufika mwishoni mwa karne ya 9. Jua lao nalo halikaushi hata shati. Pwani yetu ilikuwa na vyote viwili, na kwa karne nyingi majahazi ya kaskazi yalikuwa yakituletea shehena za papa mkavu kutoka Uarabuni na Somalia juu ya wale tuliowavua wenyewe. Tofauti ya sahani hizi mbili imetokana na jua na chumvi. Hao wanaosema watu wa kaskazini wana ndimi za ajabu hawajawahi kupika bila chumvi.

Ladha sasa. Hákarl, ndilo jina la chakula hicho, huletwa vipande vidogo vya mraba vilivyochomwa kijiti, pamoja na kinywaji kikali kiitwacho brennivín. Pombe situmii, nikapewa mkate mweusi wa shayiri nyekundu. "Tafuna, usivute pumzi," mwenyeji akaniusia. Mwanzoni ni kama jibini iliyoiva kupita kiasi. Baadaye amonia inapanda taratibu, inakaa nyuma ya pua, haina haraka ya kuondoka. Nilikula cha pili bila kusihiwa. Hata hivyo wa kwetu ni mtamu zaidi, na sisemi hivyo kwa uzalendo. Mpishi wa pwani humloweka papa, humchemsha, humwaga maji ya kwanza na harufu nyingi ikaenda nayo, ndipo humtia tui, bizari, pilipili na ndimu, pembeni ugali wa muhogo. Papa wa Iceland hana tui la kumsitiri.

Chakula kilichowatoa mbio Wamarekani wawili niliokuwa nao meza moja Reykjavik ni svið: kichwa cha kondoo kilichobabuliwa manyoya, kikapasuliwa katikati na kuchemshwa, jicho likiwa mahali pake. Huletwa na viazi vya kupondwa. Nilikula mpaka nyama ya shavuni. Kwetu hiyo ni supu ya kichwa iliyokosa supu, na kasoro yake ni hiyo tu. Korodani za kondoo dume zilizochachushwa katika maji ya maziwa ya mgando nilizionja pia. Uchachu mtupu, utafunaji wa sponji. Hapo tena maziwa yalichukua nafasi ya chumvi.

Vyakula hivi hukutana sahani moja katika Þorrablót, karamu za kati ya Januari na Februari. Vijana wengi wa mjini huvila mara hiyo moja kwa mwaka, kwa heshima ya mababu, kisha wakarudi kwenye piza.

Uswidi hali haikuwa mbaya hivyo; chumvi ilikuwepo, ila ghali. Katika chakula chao kiitwacho surströmming, samaki wa Baltiki aina ya heringi hutiwa kidogo, kiasi cha kumzuia asioze lakini si cha kumzuia asichachuke. Anaendelea kuchachuka hata ndani ya kopo, mpaka kopo linavimba. Mwaka 2006 mashirika ya Air France na British Airways yalipiga marufuku makopo ya surströmming ndani ya ndege zao. Hufunguliwa nje ya nyumba, mara nyingi ndani ya ndoo ya maji, na msimu wake huanza Alhamisi ya tatu ya Agosti. Harufu yake imeizidi ya hákarl, nakiri. Lakini ukimviringisha kwenye mkate mwembamba pamoja na viazi na kitunguu, unabaki na samaki mwenye chumvi na ukali, na wenyeji wengine huteremshia maziwa.

Malmö, kusini mwa nchi hiyo, kuna makumbusho ya vyakula vya kuchukiza, yaliyofunguliwa 2018. Tiketi yake imechapwa kwenye mfuko wa kutapikia. Nilicheka, kisha nikaudhika: ukimwekea mtu chakula bila mkate wake, bila viazi vyake, bila msimu wake, hata wali wa nazi utamkirihi. Hapo ndipo nilipokutana na habari za casu marzu ya Sardinia, jibini ya maziwa ya kondoo iliyojaa funza hai wenye kuruka hadi sentimita 15. Kuiuza ni marufuku, nami sikuionja. Waliosoma fiqhi ya Kishafii watakumbuka mlango wa funza aliyezaliwa ndani ya tunda au siki, aliwaye pamoja nacho. Mlango upo, basi. Mimi ndiye sikuingia.

Safu ya kwetu nimeijaza kwa senene, wadudu wa kuliwa wa Bukoba. Mzungu niliyekuwa naye alikunja uso vilevile nilivyoukunja mimi mbele ya funza wa Sardinia. Wazee wa Kihaya watakwambia zamani wanawake waliwakusanya lakini hawakuwala. Ng'ambo ya mpaka, Buganda, ukoo wa Nsenene hauwagusi hadi leo, ndio mwiko wao. Senene hukaangwa kwa mafuta yao wenyewe, na katika daftari zima hakuna kilichowashinda kwa utamu.

Msimu mkubwa wa senene ni Novemba na Desemba. Ukifika Bukoba, nunua waliokaangwa siku hiyohiyo, waliotolewa mabawa na miguu, na uwale wakiwa bado wa moto.