Mkono wa Mzee Haukuwa na Kosa

Nilimsingizia mpiga dramu. Kwa muda mrefu nimelizungusha jambo hili kwa maneno mengi, kwamba kompyuta ilikuwa dhaifu, kwamba muda wa studio ulikuwa unakwisha. Ukiviondoa visingizio vyote kinabaki kitu kimoja: mtu aliyefanya kazi yake sawasawa nilimwambia hawezi, kisha nikaenda kuwaambia na wengine.

Ulikuwa wimbo wa dansi, Dar es Salaam. Mwenye wimbo alitaka vyombo vinavyopigwa na watu, hakutaka midundo ya kompyuta, nami nikamtafutia wapigaji wa kukodi: dramu, solo, ridhimu na besi. Wapigaji wa namna hii hawana mkataba na mtu. Hulipwa kwa siku, na simu ya kazi inawafikia kwa sababu mtu fulani alimwambia mwenzake kwamba yule yuko vizuri. Jina ndilo mtaji wao wote.

Mpiga dramu alikuwa mzee aliyekulia kwenye bendi. Alikuja na vijiti vyake na pedali yake ya kiki. Akaikaza ngozi ya sneya, akaigonga mara moja, akasikiliza mlio unavyoning'inia hewani, kisha akatoa pochi mfukoni na kuilaza juu ya ngozi, upande wa mbali na mkono. Mlio ukakatika safi. Mimi nilikuwa nimeandaa sponji na utepe kwa kazi hiyohiyo, nikaviweka kando. Nikatega maiki: moja kwenye kiki, moja kwenye sneya, mbili juu. Feni tukazizima, maana maiki za juu hunasa kila kitu, na mzee akatandika taulo begani.

Chumba kilikuwa kimoja, tena kidogo. Ampu za gitaa zingevujia kwenye maiki za dramu, kwa hiyo niliyachomeka magitaa moja kwa moja kwenye kadi ya sauti, na mlio wa ampu nikauacha utengenezwe na programu ndani ya kompyuta. Kila mtu akavaa hedifoni. Hapo ndipo nilipoharibu.

Kompyuta haipitishi sauti papo hapo. Huikusanya fungu fungu, ikalifanyia kazi kila fungu, ndipo ikalitoa. Mafungu yakiwa makubwa kompyuta inapumua. Yakiwa madogo sauti inatoka upesi ila mashine inaelemewa na kuanza kukwaruza. Asubuhi ile, kabla wapigaji hawajafika, mradi ulikuwa unakwaruza kwa sababu ya sauti za majaribio na madoido niliyoyarundika humo. Nikaongeza ukubwa wa fungu hadi sampuli 1,024, kukwaruza kukaisha, nami nikasahau. Kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, hiyo ni milisekunde 23 za kuingia na 23 za kutoka. Milisekunde 46 kwa jumla. Sauti hewani husafiri kama mita 16 kwa muda huo. Yaani mpiga solo alikaa hatua mbili tu kutoka kwa mpiga dramu, lakini masikioni mwa mzee alikuwa ng'ambo ya uwanja.

Tulianza vizuri. Ilipofika kwenye chemko, wimbo ukapooza. Chemko ndiyo roho ya dansi, mahali ambapo solo na ridhimu zinapokezana na dramu inawasukuma watu wainuke. Ukipooza hapo huna wimbo. Tukarudia, ukapooza tena.

Mzee alinyanyua hedifoni sikio moja. "Mwanangu, gitaa linanijia nyuma."

Nikamwambia, "Mzee, ongeza kidogo, unalala."

Hakubishana. Kijana wa solo naye aliniuliza, "Kaka, mbona kama nyuzi zinachelewa kulia?" Nikamjibu kwamba ni doido tu, atazoea. Watu wawili, kwenye vyombo viwili tofauti, walinieleza ugonjwa uleule, na mimi niliyeajiriwa kusikiliza sikuwasikiliza. Mzee alikuwa anangoja gitaa lililokwishapigwa. Mpiga gitaa alikuwa anangoja dramu iliyokwishapigwa. Watu wanaongojana hivyo lazima watapooza, hata wawe hodari namna gani.

Na mzee huyu alitoka katika malezi ambayo masikio ndiyo kila kitu. Bendi kama NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, na DDC Mlimani Park ya 1978 zilikwenda kurekodi Radio Tanzania wapigaji wakiwa pamoja, wakisikiana kwa hewa, na nyimbo zile bado zinasimama hadi leo. Hapakuwa na kifaa cha kumchelewesha mtu na mwenzake. Mtu wa malezi hayo akikuambia gitaa linakuja nyuma, anakupa kipimo.

Badala yake nilitazama skrini. Mapigo ya dramu yalionekana nyuma ya gitaa, nikaona ushahidi umekamilika. Laiti ningetazama vizuri! Mtu akichoka huchelewa ovyo, hapa sana, pale kidogo. Mapigo ya mzee yalibaki nyuma kwa kiasi kilekile, pigo kwa pigo. Ni mkono imara tu unaoweza kufanya hivyo.

Nilimlipa, nikamshukuru, nikamwacha aende. Usiku nikatengeneza dramu kwa kompyuta. Mwenye wimbo alipouliza kulikoni, nilisema, "Mzee mkono umechoka siku hizi." Sikulazimika kusema hivyo. Ningeweza kusema kazi haikukaa. Lakini nilitaka kosa liwe na mwenyewe, na mwenyewe asiwe mimi. Maneno hayo yakatembea. Kwenye kazi iliyofuata ya mwenye wimbo yule aliitwa mpiga dramu mwingine.

Baadaye, nikimrekodi dada mmoja, aliniambia anajisikia mara mbili. Nikashusha sampuli hadi 128 na papo hapo nikakumbuka. Nikaufungua mradi wa zamani, nikazisogeza dramu zote za mzee mbele kwa milisekunde 46 bila kugusa pigo hata moja. Zikakaa. Kupooza kwa chemko hakukurekebika, lakini sneya na gitaa la ridhimu vilishikana kama vilivyotakiwa kushikana siku ile.

Hata hapo nilinyamaza, na kunyamaza huku ndiko kunakonisumbua kuliko kile kipimo nilichokisahau. Nilipomwendea mzee hatimaye, alinisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Mwenye wimbo umemwambia?" Nikasema bado. "Basi umekuja kwangu mapema mno."

Nimeshamwambia mwenye wimbo. Ila sijui maneno yangu yalifika kwa nani mwingine, na ndiyo sababu ninaandika. Yeyote aliyeambiwa na mimi, au na aliyesikia kwangu, kwamba mzee yule mkono umechoka, ajue haikuwa kweli. Anapiga barabara. Mpigieni simu, na mkimwita, maiki za dramu ziwekwe na mtu atakayemwamini akisema gitaa linakuja nyuma.