Jemadari Aliyekata Tamaa Mapema

Ndugu msomaji, nina kosa la kuungama. Lakini kwanza nikupe habari za mzee mmoja wa Japani, Yamamoto Kansuke, kama zinavyosimuliwa na kitabu cha kale, Koyo Gunkan.

Kansuke alikuwa chongo, tena akichechemea. Miaka 9 aliomba kazi kwa bwana Imagawa Yoshimoto, akakataliwa, eti sura haipendezi. Mwaka 1543 Takeda Shingen akamchukua. Kumbe chongo yule ana kichwa cha vita!

Mwaka 1561, huko Kawanakajima, jeshi la Uesugi Kenshin lilikuwa limepiga kambi mlimani. Kansuke akaiga akili inayosimuliwa kuhusu ndege kigong'ota: eti gonga gogo upande huu, mdudu atokee upande ule. Askari 12,000 wapande usiku wamtimue adui kwa nyuma. Shingen amsubiri bondeni na watu 8,000.

Kenshin akashtukia. Akateremka usiku uleule, kimyakimya. Ukungu ulipoinuka asubuhi, huyo, uso kwa uso na Shingen! Kansuke akasema moyoni: mpango wangu, aibu yangu. Akajitosa katikati ya maadui, akauawa.

Halafu wale 12,000 wakafika. Wakampiga Kenshin kwa nyuma, Shingen akaokoka. Mpango haukufa, bwana. Ulichelewa tu.

Sasa kosa langu. Baada ya Kidato cha Nne niliandika riwaya, madaftari manne, kwa mkono. Mchapishaji mmoja akanirudishia na mstari mmoja tu: haifai. Usiku huohuo nikaitia jikoni kwenye mkaa. Nakala nyingine sikuwa nayo.

Wiki mbili baadaye mdogo wangu wa kike akaniuliza, "Kaka, yule utingo alirudi kwao?" Kumbe alikuwa akiisoma kwa siri nikitoka. Msomaji wangu wa kwanza alikuwa njiani, mimi nimeshajimaliza. Nikatafuta jibu, sikulikumbuka.

Kuna jambo moja zaidi. Kwa miaka mingi wanahistoria walidai Kansuke ni mtu wa kubuniwa. Mwaka 1969, kisiwani Hokkaido, ikapatikana barua ya Shingen yenye jina lake. Karatasi moja, iliyotunzwa na familia moja karne nne. Hakuna aliyeichoma.

Wenzangu mnaoandika, nimeanza upya. Utingo yuko safarini, daftari la pili. Nikimaliza ukurasa, daftari analala nalo mdogo wangu.