Dakika Moja ya Siki

Mwezi uliopita nilipimwa saratani ya mlango wa kizazi. Sikuwa mgonjwa, kipimo hiki, dada, hakingoji maumivu. Muuguzi alipaka siki (naam, siki, kama ya kachumbari!) akangoja dakika moja. Penye dosari hugeuka peupe. Kwangu lilionekana doa dogo, likagandishwa siku ile ile.

Ugumu ulikuwa nyumbani. Niliagizwa tusikutane kimwili kwa majuma manne, hivyo ilinibidi kumweleza mume wangu. Aliposikia kuwa virusi vyake huambukizwa kwa kujamiiana, alinitazama kwa jicho la hakimu. Nikamweleza kwamba huweza kujificha mwilini miaka mingi, pengine tangu kabla ya ndoa. Si ushahidi wa uzinzi. Alinyamaza. Asubuhi aliuliza tarehe ya kurudi kliniki.