Ganda la milimita 51: somo la mkerezaji wa Kolwezi kwa mwanawe aliye Texas

KOLWEZI, Lualaba – Swali lilifika kwa simu jioni, wakati mzee mmoja mkerezaji wa komini ya Dilala alipokuwa anafunga ateliye yake ya uani. Mwanawe anayeishi Texas, Marekani, alimwuliza hivi: "Papa, nina vipande vya shaba ya manjano, vyembamba kama bomba, urefu kama milimita 51. Navikata vyote kwa kifaa kimoja, lakini kila kimoja kinatoka na urefu wake. Kosa liko wapi?"

Mzee alifurahi. Aliondoka Gécamines mwaka 2003, katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari uliowahusu wafanyakazi zaidi ya 10,000. Tangu hapo anakereza bushi za pikipiki na za pampu nyumbani kwake, na ni mara chache watoto humwuliza jambo la kazi. Akauliza swali ambalo mkerezaji yeyote angeuliza: "Unapokikata, kipande kinaegemea wapi?"

Mwana akageuza kamera ili amwonyeshe. Hapo mzee akaona kwamba lile si bomba. Lilikuwa ganda la risasi.

Simu ikakatika, na safari hii haikuwa kosa la mtandao.

Aliyekuwa Kolwezi mwezi Mei 1978 hahitaji kuelezwa sababu. Jimbo zima wakati huo liliitwa Shaba. Tarehe 13 wapiganaji wa FNLC waliingia mjini, na tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka kutoka angani. Mamia ya watu waliuawa, Wakongomani na Wazungu. Risasi ziliponyamaza, watoto walitoka kuokota maganda barabarani. Mzee alikuwa kijana wa miaka 16. Alijaza mfuko mmoja, maana yalikuwa yanang'aa na yalilia vizuri yakigongana. Mama yake aliyamwaga yote chooni na kumwambia kwamba hakuna ganda linaloanguka chini bila risasi yake kwenda mahali. Tangu siku ile hakugusa ganda tena. Amekereza shaba ya kila aina, lakini hiyo hapana.

Siku nne hakupokea simu ya mwanawe. Mama wa nyumba ndiye aliyepokea, akaelezwa, naye akamweleza mzee. Huko Texas kuwinda kulungu kwa msimu ni jambo la kawaida, na wawindaji wengi hawatupi ganda baada ya kufyatua. Hulitia fataki mpya, baruti mpya na risasi mpya, na sheria inawaruhusu. Mtoto alikuwa amekaribishwa na wenzake wa kazini, akaipenda kazi ile ya mezani, ya kupima na kukata, kuliko hata kuwinda kwenyewe.

Siku ya tano mzee alipiga mwenyewe. Hakuzungumzia 1978. Alisema, "Nionyeshe tena kifaa chako."

Vifaa vya kupunguza urefu wa maganda ni vya aina nyingi, lakini kwa jicho la mkerezaji tofauti yake kubwa ni moja: ganda linaegemea wapi wakati kisu kinakata. Kuna kile cha bei nafuu, chenye kijiti kinachopita ndani ya ganda hadi kwenye tundu la fataki na kugota chini. Hicho hukata urefu mmoja tu, wa aina moja ya bunduki, na fundi wa mwanzo hawezi kukipotosha kwa urahisi. Kuna kile kinachofanana na kerezo ndogo ya mkono: kinashika kitako cha ganda, unazungusha mpini, na unaweza kubadili urefu upendavyo. Ni cha polepole, na kitako kisipokaa sawa kwenye kishikio vipimo vinacheza. Na kuna kile kinachofungwa kwenye mashine ya kutobolea, ambacho ganda linaingia na kugota kwa bega lake, pale linapoanza kuwa jembamba. Hicho ni cha haraka kuliko vyote, na ndicho kijana alichonunua.

"Kinaegemea begani," mzee alisema. "Na mabega yako yako sawa?"

Hayakuwa sawa. Kijana alikuwa anakata kwanza, kisha ndipo anapitisha ganda kwenye kalibu ya kulirudisha katika umbo lake. Ganda linapofyatuliwa hupanuka na kujaza chumba cha bunduki, na kila bunduki ina chumba chake. Kalibu ndiyo inayorudisha bega mahali pake, na wakati huohuo hulirefusha ganda. Ukikata kabla ya hapo umepima kutoka kwenye ukuta unaohama. Kifaa hakikuwa na kosa lolote. Mpangilio wa kazi ndio uliokuwa kinyume.

Basi wakaupanga upya pamoja. Toa fataki iliyokwisha, safisha, pitisha kwenye kalibu, halafu pima kila ganda kwa kalipa. Kwa bunduki yake ya .308 Winchester kikomo ni milimita 51.18. Likizidi hapo, mdomo wa ganda unaweza kusukumwa mwisho wa chumba na kuibana risasi, na shinikizo la baruti likapanda kupita kiasi, mbele ya uso wa mwenye bunduki. Linalozidi hupunguzwa hadi 50.93. Baada ya kukata, kwangua ukingo wa mdomo ndani na nje, kwa wepesi, ili risasi iingie bila kukwaruzwa.

Ndipo mzee akauliza swali ambalo kijana hakulitarajia. "Haya maganda yamefyatuliwa mara ngapi?"

"Sijui, Papa. Mengine niliyaokota kwenye uwanja wa kulengea shabaha."

Mzee alinyamaza kidogo. "Na sisi tuliokota," alisema.

Kisha akaeleza. Shaba haizaliwi ndani ya kalibu. Milimita unayoikata mdomoni imetoka mahali, nayo imetoka kwenye ukuta wa ganda, karibu na kitako, ambao unazidi kuwa mwembamba kila ganda linapovutika. Kukata kunarudisha urefu, hakurudishi unene. Siku moja ganda litakatika kiunoni, ndani ya bunduki. Aliyeishi Kolwezi analijua jambo hilo bila kusoma: katika mtaa wa Kasulo, tangu 2014, watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, na kilichotoka juu kiliacha shimo chini.

Alimwagiza achukue waya mwembamba, akunje ncha yake, aupitishe ndani ya kila ganda akipapasa ukuta karibu na kitako. Ncha ikinasa kwenye kijifereji, au kwa nje ukionekana mstari unaong'aa kuzunguka kiuno, ganda hilo limekwisha, hata kama urefu wake ni kamili.

Kijana alipapasa maganda 60 jioni hiyo, baba yake akiangalia kwa simu hadi chaji ilipokaribia kwisha. 11 yaliwekwa kando. Aliyaponda midomo kwa koleo, asije mtu mwingine akayaokota.

"Usiyatupe lakini," mzee alisema. "Peleka kwa wanaonunua vyuma." Maganda kama hayo ni shaba kiasi cha 70 kwa mia na zinki 30 kwa mia. Shaba ndiyo inayotoka Kolwezi kila siku kwa malori, na zinki inatoka Kipushi, katika mgodi uliofungwa mwaka 1993 na kufunguliwa tena 2024. Mkerezaji wa Lualaba hawezi kuona kitu cha namna hiyo kikiingia kwenye takataka.

Bado mzee hajakubali kuonyeshwa bunduki yenyewe. Kijana akiinua kamera upande huo, yeye hugeuza uso. Lakini kila Jumamosi, kabla ya kuulizana habari za nyumbani, mwana humsomea vipimo vyake, na baba huviandika kwa chaki kwenye mlango wa ateliye: 50.92, 50.93, 50.93.