Python Mbili Ndani ya Mac Moja

Hivi umewahi kuona programu inayokubali kwenye terminali na kukataa kwenye Emacs, ilhali faili ni lile lile na mashine ni ile ile? Mimi nimeyaona wiki hii. Nilikuwa naandika skripti ya Python ya kupanga michango ya chama chetu, mweka hazina akiisubiri kabla ya mkutano wa Jumapili. Kwenye terminali, safi kabisa. Kwenye Emacs, SyntaxError pale penye neno match.

Neno hilo liliingia kwenye Python toleo la 3.10, mwaka wa 2021. Basi Emacs ilikuwa inaita Python ya zamani. Nikabonyeza M-! nikaandika which python3. Jibu: /usr/bin/python3, yaani 3.9 iliyokuja na zana za Apple. Terminali nayo ikajibu /opt/homebrew/bin/python3, toleo la 3.12.

Mbona hivyo? Ukibofya ikoni ya Emacs kwenye Mac, haizaliwi na sheli. Inazaliwa na launchd, ambayo haisomi .zshrc wala .zprofile yako. PATH inayorithi ni fupi: /usr/bin:/bin:/usr/sbin:/sbin. Homebrew haimo. Ukiianzisha kutoka terminali inarithi kila kitu, ndiyo maana tatizo hili huja na kupotea kama stima msimu wa mvua.

Wengi hukimbilia kuweka PATH kwenye .zshenv, kwa sababu kila zsh huisoma. Ngoja kwanza. Baada ya hapo terminali husoma /etc/zprofile, inayoita path_helper, nayo huzirudisha njia za mfumo mbele. Umetibu Emacs nusu nusu, umeumiza terminali!

Dawa yangu ni hii. Weka PATH kwenye .zprofile, sakinisha exec-path-from-shell, kisha ongeza kwenye init.el:

(when (memq window-system '(mac ns))
  (exec-path-from-shell-initialize))

Kifurushi hiki huiuliza sheli yako PATH yake, kisha hujaza orodha mbili za Emacs. exec-path ndimo Emacs hutafuta programu inazoziita yenyewe; PATH ndiyo hurithiwa na programu hizo. Ukibadilisha PATH kwa setenv peke yake, exec-path haina habari.

Skripti iliisha Ijumaa usiku. Lakini kinachonifikirisha ni kwamba kosa hili lilipiga kelele. Je, kama Python zote mbili zingeikubali skripti, kila moja na maktaba zake za toleo tofauti, na hesabu zikatofautiana kimya kimya? Hizo ni pesa za watu. Siku hizi kabla sijagusa msimbo nauliza which python3 pande zote mbili. Ni sekunde kumi tu. Jaribu kwako uone kama majibu yanalingana.