Leadville, Mji wa Kuhesabu Pumzi

Ukishuka garini katika mji wa Leadville, jimbo la Colorado huko Marekani, jambo la kwanza utakalolitambua si uzuri wa milima, bali ni kifua chako mwenyewe. Nilipanda na sanduku langu vidato kumi tu vya nyumba ya wageni, nikaliweka chini kama mtu aliyekimbizwa. Mji huo uko karibu mita 3,100 juu ya usawa wa bahari. Kampala yetu, pamoja na vilima vyake vyote, iko kiasi cha mita 1,200.

Hatukwenda kutembea. Mwanangu wa pili, afanyaye kazi Denver, alikuwa ameomba nafasi katika mashindano ya baiskeli za milimani ya Leadville, na kura ikamwangukia. Lakini ana pumu tangu utotoni. Tulipokaa kambini nimemkalisha wima usiku mwingi, nikisikiliza kifua kikipiga filimbi. Akaniambia, "Mama, ukisema nisiende, sitakwenda." Sikutaka kulibeba neno hilo peke yangu. Marehemu baba yake alikuwa askari, na kwake yeye njia ilipelelezwa kwanza ndipo watu wakaingia. Basi mwezi wa Julai tukaenda kuipeleleza.

Leadville ni mji wa machimbo. Karne ya 19 watu waliufuata kwa ajili ya fedha, baadaye kwa madini ya molibdeni ya mgodi wa Climax. Mgodi ulipoachisha watu kazi mwaka 1982, mchimbaji mmoja, Ken Chlouber, aliona mji unakufa. Mwaka 1983 akaanzisha mbio za miguu za maili 100, ili wageni waje, walale, wale, waache fedha. Mbio za baiskeli zilianza mwaka 1994. Hufanyika mwezi wa Agosti, kwenda na kurudi, kiasi cha kilometa 160. Amalizaye kwa saa 12 hutunukiwa bizimu ya mkanda. Kwa bizimu hiyo watu wazima huacha usingizi wao!

Katikati ya safari kuna mpando wa Columbine, unaofika zaidi ya mita 3,700. Huko wengi hushuka wakasukuma. Kila pumzi uvutayo ina oksijeni isiyofikia theluthi mbili ya ile ya pwani, na hewa yenyewe ni baridi na kavu, adui wa mwenye pumu anayehema kwa nguvu.

Wasomaji wetu wa jeshini watapenda kujua kwamba kaskazini ya mji huo ilikuwako Camp Hale, kambi iliyojengwa mwaka 1942. Hapo Divisheni ya 10 ya Milimani ilijifunza vita vya theluji kabla ya kupigana Italia mwaka 1945. Bonde lilizuia moshi wa makaa ya mawe, na vijana waliochaguliwa kwa uimara wao wakakohoa hata kikohozi hicho kikapewa jina la kituo cha reli cha Pando, kilichokuwa hapo. Leo ni majani na misingi ya nyumba. Nilisimama hapo kitambo.

Kabla ya safari tulimwona daktari wake. Hakuanza na habari za mlima. Aliuliza: mwezi huu umeamshwa na kikohozi usiku mara ngapi? Dawa ya kutuliza haraka umeivuta mara ngapi? Pumu iliyotulia, alisema, haimzuii mtu kushindana. Isiyotulia ndiyo ya kuogopwa. Tena huko juu mapafu huweza kujaa maji kwa sababu ya kimo. Dalili zake ni kikohozi na kuishiwa pumzi, hivyo mwenye pumu huweza kuvuta dawa yake na kuendelea kupanda, kumbe angepaswa kushuka upesi.

Siku ya tatu mwanangu alipanda Columbine, nami nikamngoja chini karibu na Twin Lakes. Asubuhi alikuwa amepuliza kipimo chake cha pumzi, kikasoma 560. Daktari alimwekea mpaka wa 480. Aliporudi, midomo mikavu, kilisoma 450. Alivuta dawa, kikapanda hadi 540, akacheka. Mimi sikucheka.

Usiku, saa tisa, nilimsikia ng'ambo ya ukuta. Alikohoa, akanyamaza, akakohoa tena. Nikaketi kitandani nisiende kwake. Ana miaka thelathini na mmoja.

Asubuhi alileta daftari lake mezani. Usiku wa kikohozi ulikuwa wa nne mwezi ule. Nikamwuliza kuhusu dawa ya kila siku. Akatazama chai yake, akakiri kwamba tangu mwezi wa Mei alikuwa akiiruka, kwa kuwa alijiona mzima.

"Si mlima, Mama," akasema.

Aliandika barua ya kujitoa kabla hatujafunga mizigo. Kisha akatoa dawa yake ya kila siku, akavuta mara mbili, akasukutua kinywa, akaandika tarehe.