Mchumba Hakai Eda

Riwaya ya vijana niliyoirudia mara nyingi kuliko zote haina mtu hata mmoja wa dini yangu. Ni A Walk to Remember ya Mmarekani Nicholas Sparks, iliyotoka mwaka 1999. Hadithi yenyewe inatokea Beaufort, mji mdogo wa pwani huko North Carolina, mwishoni mwa miaka ya 1950. Landon Carter ni kijana wa miaka 17, mtoto wa watu wenye uwezo. Jamie Sullivan ni binti wa mchungaji wa Kibaptisti. Anatembea na Biblia ya marehemu mama yake, na wenzake wanamcheka kwa ajili hiyo. Wanapendana. Kisha Jamie anamwambia Landon kwamba ana saratani ya damu na hatapona. Sparks aliiandika akimfikiria dada yake, Danielle, ambaye naye alifariki kwa saratani mwaka 2000.

Mimi ni Mbajuni na ni Mwislamu. Wazee wa baba yangu walitoka Chula, kimojawapo cha visiwa vilivyojipanga kusini ya Kismayu kuelekea mpaka wa Kenya. Mimi nilizaliwa Mombasa. Rafiki aliyeniazima kitabu aliniuliza baadaye kama Biblia ile haikunikera. Haikunikera. Jamie alinikumbusha msichana mmoja tuliyesoma naye madrasa, msahafu kifuani, wavulana wa barazani wakimwita sheikha kwa kejeli. Kijana anayempenda Mungu waziwazi huchekwa vile vile, awe wa kanisani au wa msikitini.

Kilichonishika ni swali jingine: nani ana haki ya kuhuzunika mbele za watu?

Pwani yetu ina jibu, na ni jibu zuri. Mume akifa, mkewe hukaa eda miezi minne na siku kumi, kama Qurani ilivyoagiza. Haolewi, hajipambi, hajitii manukato, hatoki nje bila ya haja. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni kifungo. Bibi yangu alipokaa yake nikaona sura nyingine. Watu walimwendea yeye. Hakuna aliyemwuliza kwa nini hacheki. Siku zake zilihesabiwa, na zilikuwa na mwisho. Huzuni yake ilipewa chumba, muda, na mlango wa kutokea.

Lakini mlango wa kuingilia ni nikaha. Hata katika fasihi yetu ya kale ni hivyo. Mwana Kupona, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi mwaka 1858, naye ni mgonjwa. Mna mauti yanayokaribia, mna imani, mna mapenzi, mambo yale yale ya riwaya ya Sparks, na aliyetungiwa ni msichana. Ila mapenzi anayofundishwa ni ya mke kwa mumewe.

Shangazi yangu hakuwahi kuwa mke wa mtu ninayetaka kumtaja hapa. Serikali ya Siad Barre ilianguka Januari 1991, vita vikafika Kismayu na visiwani, na Wabajuni wakaanza kukimbilia Kenya kwa mashua na majahazi, kaskazi ikiwasukuma kuelekea Lamu na Mombasa. Shangazi alikuwa na miaka 18. Alikuwa ameposwa na mvuvi wa kisiwani kwao. Mahari imeshatajwa, imebaki nikaha. Yeye alipanda chombo pamoja na wazazi wake. Kijana akabaki nyuma kukusanya nyavu za babake, aje kwa chombo cha pili. Chombo hicho kilipinduka njiani. Habari zilimkuta shangazi kambini Jomvu, Mombasa.

Mamake kijana alikaa matanga kambini hapo hapo, juu ya mkeka. Wanawake wakaenda kumpa pole. Shangazi naye alikwenda, kama mgeni mwingine yeyote. Alipitisha kahawa. Alimpa pole mama, akawapa pole dada zake marehemu, na hakuna aliyempa yeye. Haukuwa ubaya. Mchumba hakai eda, na asiyekaa eda watu hawajui wamwambie nini. Baada ya miezi kadhaa ikaja posa nyingine, akaolewa.

Haya yote niliyajua kwa sababu ya riwaya. Nilikuwa namsimulia shangazi jikoni, yeye yuko juu ya mbuzi anakuna nazi, mimi nachagua mchele. Alisikiliza habari za ugonjwa bila kusema neno. Mwishowe akauliza:

"Walioana kabla hajafa?"

"Walioana, shangazi. Kanisani kwa babake."

"Basi yule kijana alipata."

Nikamwuliza alipata nini, na mkewe alikuwa anakufa.

"Alipata kulia mbele za watu."

Ndipo akanisimulia habari za yule mvuvi. Alipomaliza nikamwambia, "Pole, shangazi." Akanijibu, "Nishapoa," kama mtu aliyejikwaa kidole, akachukua upande wa pili wa nazi.

Nilipoisoma riwaya tena, ile harusi niliyoiona pambo la mapenzi nikaiona kuwa ndiyo mhimili. Landon anasimulia akiwa na miaka 57, na anasema hajapata kuivua pete yake. Bila pete hiyo angekuwa mzee anayemkumbuka msichana wa shule tu, na watu wangemwambia asahau. Kitabu hakielezi kwa nini Mungu anamchukua msichana mwema kama yule. Kinampa Landon nafasi miongoni mwa wafiwa, na kumbe hilo si jambo dogo. Hata hivyo nina kisa nacho. Mle ndani mauti yanasubiri harusi ipite. Bahari yetu haikusubiri. Hapo riwaya inamwacha shangazi yangu nje, kama tulivyomwacha sisi.

Siombi eda ibadilishwe. Ina hukumu zake na hekima zake, na nimeona ilivyomfaa bibi. Lakini pole si hukumu. Hakuna dini inayokataza kumkalia karibu msichana wa miaka 18 na kumwambia kwamba unajua yule alikuwa nani kwake. Kiswahili kina mjane, kina yatima; aliyefiwa na mchumba hakumwekea jina. Ningependa kusoma riwaya ya vijana kwa lugha hii itakayoanzia kwake.

Shangazi ana mume mwema na watoto wanne. Kila mwaka kaskazi inapoanza kuvuma hupeleka tende msikitini, sadaka ndogo, bila ya kusema ni ya nani. Mwaka huu alinituma mimi. Nilipofika mlangoni akaniita nirudi, akanitajia jina la kuombewa dua.